Kabla ya Magrupu ya WhatsApp Kulikuwa na Kadi za Salamu, na Watu Wake Walijua Kumpokea Mgeni

Magrupu mengi huanza na mzuka. Mtu anapenda kupanda maua kwenye makopo, au kuendesha baiskeli Jumapili, au kupika mapishi ya mitandaoni. Anafungua grupu, anaunganisha watu 60, na siku ya kwanza simu haipumziki. Ikifika mwezi wa tatu wanaoongea ni wale wale 5. Mgeni anaingia, anasalimia "habari zenu wana grupu," anaambulia tiki za bluu na kimya. Baada ya wiki fulani kalefti. Kila mtu anajifanya hajaona.

Basi kwa taarifa yako, Afrika Mashariki ilishawahi kuwa na jamii kubwa ya watu wa hobi moja, wengi wao hawajawahi kuonana sura, na ikadumu miaka na miaka. Intaneti haikuwepo. Kulikuwa na redio, stempu na kadi. Watu wenyewe waliitwa watuma salamu, na wewe pengine una babu, mjomba au mama mkubwa aliyekuwa mmoja wao.

REDIO CHACHE, MASIKIO MENGI

Kwa kijana aliyekulia mjini kwenye FM kibao, inabidi kwanza kuelewa hali ilivyokuwa. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, na mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam, ile RTD ya wazee wetu. Kenya walikuwa na Sauti ya Kenya kuanzia 1964, ambayo mwaka 1989 ikarudi kuitwa KBC. Tanzania Bara, hadi sheria ya utangazaji ya 1993 ilipofungua mlango kwa vituo vya watu binafsi, ukitaka redio ya nyumbani ulikuwa na ya serikali tu. Ukizungusha kitufe kwenye masafa mafupi ungepata idhaa za Kiswahili za ng'ambo: ya Uingereza iliyoanza 1957, ya China 1961, ya Ujerumani 1963.

Simu ya mezani ilikuwa ya ofisini na ya wenye nacho. Shangazi yupo Kigoma, wewe upo Tanga, utamjuliaje hali? Unaandika barua. Au unamsalimia redioni, nchi nzima ikisikia.

KADI ILIVYOFANYA KAZI

Utaratibu ulikuwa mwepesi. Unapata kadi yako, unaandika jina na sanduku lako la posta, halafu majina ya watu unaowasalimia, na mwisho ujumbe mfupi. Unaituma. Kule studio inaingia kwenye rundo, inasubiri zamu yake. Siku ikifika mtangazaji anaisoma taratibu, jina kwa jina, "popote pale walipo," kisha anagonga muziki.

Wengi walianza kwa kusalimia ndugu zao. Utamu ulikuja pale mtu alipoanza kusalimia watu asiowajua kabisa. Dereva wa lori anasikia jina la jamaa wa Bukoba kila wiki, linamnogea, naye analiweka kwenye kadi yake. Wiki zinapita. Jioni moja, yupo zake anakunywa chai, anasikia jina lake linatajwa kutoka Bukoba. Mtu wa hivyo hakuweza tena kuacha. Kadi inayofuata aliinunua siku hiyo hiyo.

Pakazuka na majina ya kujibandika. Huyu mfalme wa mtaa fulani, yule mtoto wa mama, mwingine mzee wa kijiwe. Mchana mtu alikuwa karani wa ghala asiyejulikana na yeyote, jioni ni staa ambaye watu wa mikoa mitano wanamjua kwa jina. Watu wa hizi "user name" za leo hawakuanzisha kitu kipya.

KADI HAIKUWA NA NAFASI YA KUJISIFU

Sasa tazama kitu kimoja ambacho ndicho kilishikilia mambo yote. Kwenye ile kadi jina lako lilikaa sehemu moja tu, ya mtumaji. Mistari mingine yote ilikuwa ya watu wengine. Ukitaka kusikika hewani, ilibidi kwanza uwataje wenzako. Na kadiri ulivyotaja wengi, ndivyo na wewe ulivyotajwa kwenye kadi zao. Umaarufu wa mtuma salamu ulijengwa na watu aliowakumbuka.

Linganisha na grupu la leo la wapenda mapishi. Kila mmoja anaweka picha ya sahani yake, halafu anakaa kusubiri sifa. Sahani 40, hakuna aliyeiangalia ya mwenzake.

Mgeni naye hakupata shida kuingia. Hakuna aliyemuuliza anajua nini au ameanza lini. Jina jipya likisikika, wakongwe walilidaka na kuliingiza kwenye kadi zao, kwa sababu mtu mpya maana yake ni mtu mmoja zaidi wa kukusalimia. Hata asiye na hela ya kadi wala stempu aliweza kusikika, maana kutajwa kulikuwa bure. Mwenye kadi alimbeba asiye nayo.

Hili halikutoka hewani. Lilikuwa limekaa kwenye malezi yenyewe. Ukipiga hodi unasubiri karibu. Pwani watoto hufundishwa kwamba kuanza salamu ni suna, lakini kuijibu ni wajibu. Salamu isiyojibiwa ni deni, na watuma salamu walikuwa watu wa kulipa madeni.

MAFUMBO NA MWENYE CHUJIO

Ule ujumbe wa mwisho nao ulikuwa na mambo yake. Mara nyingi ni methali au wosia: vumilia, heshimu wazazi, usisahau ulikotoka. Ila kama ilivyo kwa maandishi ya khanga, ujumbe ungeweza kuwa na mwenyewe. Msikilizaji wa kawaida anasikia methali, mlengwa anajua kachomwa.

Hapo kati alikaa mtangazaji. Kadi ilipita mkononi mwake kabla haijafika masikioni mwa watu, na yeye ndiye aliyeamua kipi kisomwe. Fumbo lilipita, tusi halikupita. Lakini sifa yake kubwa haikuwa kuzuia. Watu walimpenda kwa namna alivyotamka majina yao, na kwa kale kautani alikochomeka katikati. Wasimamizi wengi wa magrupu ya sasa tunawajua kwa jambo moja tu, kutoa watu.

KUTOKA HEWANI HADI MSIBANI

Baada ya muda majina yalitaka sura. Watuma salamu wakaunda klabu zao, na klabu ikawa na mwenyekiti, katibu na mweka hazina kama chama chochote cha mtaani. Wakachangishana nauli, wakatembeleana. Mmoja akiugua, wenzake wanafika hospitali wakijitambulisha kwa majina ya redioni, ndugu wa mgonjwa wanabaki wameduwaa. Harusi walikwenda. Misiba ndiyo usiseme. Kwa mtu aliyehamia mji asio na ukoo, kuwa na klabu kulimaanisha kuwa na watu wa kumzika. Kwetu sisi hilo si jambo dogo.

HAIKUWA PEPO

Tusidanganyane, manung'uniko yalikuwepo. Rundo la kadi lilikuwa kubwa kuliko muda wa kipindi, kwa hiyo kadi nyingine zilichelewa na nyingine hazikusomwa kabisa. Aliyetuma kadi 10 alisikika kuliko aliyejibana akatuma moja. Wapo walioona mbona ni majina yale yale kila siku. Na wanawake walibeba mzigo wao: mke wa mtu akisalimiwa redioni na mwanaume wa mkoa mwingine, maelezo alitoa yeye pale sebuleni, tena kwa mtu ambaye hata hajawahi kumuona. Mtaani nako hawakukosa wa kuwacheka, eti hawana kazi ya kufanya.

Pamoja na hayo waliendelea. Aliyekasirika leo, kesho alisikia jina lake kwenye kadi ya mtu, hasira ikapoa.

KASI ILIKUJA, MAJINA YAKAPOTEA

Miaka ya 1990 FM za binafsi zikaingia na muziki usiokatika. Miaka ya 2000 simu za mkononi zikafika hadi kijijini. Salamu iliyochukua wiki tatu sasa ilichukua sekunde tatu, na ilikwenda moja kwa moja kwa mwenyewe bila mtu wa tatu kuisikia. Nani tena anunue kadi? WhatsApp ilipokuja mwaka 2009 safari ikawa imekamilika. Vipindi vya salamu havijafa, vituo kadhaa bado vinavyo, na wakongwe wengi wamehamia huko huko kwenye simu. Ila ile kadi yenyewe imekwenda na mambo yake.

Na katika yaliyokwenda, kuna moja ambalo magrupu yetu yanalilipia kila siku. Kadi haikuruhusu "habari zenu wote." Mtangazaji angesoma nini? Ilibidi uandike jina, na mahali mtu anapopatikana. Fulani wa Tandahimba. Fulani wa Makambako. Leo mtu anaamka, anaandika "morning wapendwa" kwa watu 200, na kati ya hao 200 hakuna hata mmoja aliyesalimiwa. Kwa nini wajibu?

Ndiyo maana grupu linaweza kuwa na sheria 15 zilizobandikwa juu, picha kali na wataalamu wa kila aina, na bado mgeni akajiona yupo stendi ya basi usiku. Sheria anazisoma. Anachosubiri ni mtu wa kusema: karibu fulani, huyu ndiye aliyeuliza jana kuhusu mbolea, nani ana jibu lake?

Watuma salamu walifanya hivyo kwa mkono, kwa kalamu ya wino, na kwa gharama ya stempu, kwa watu ambao hawakuwajua. Wewe una kibodi, ni bure, na mtu yupo hapo hapo. Yule aliyeingia kwenye grupu lenu wiki iliyopita anaitwa nani?