Wageni Waliobeba "Blue Lines"

Bristol, mji wa bandari magharibi mwa Uingereza, ulitajirika karne ya 18 kwa biashara ya watumwa. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wahamiaji kutoka Jamaika na visiwa jirani, wengi wao wazao wa watumwa, walihamia huko na kuufanya mtaa wa St Pauls kuwa kwao. Walikuja na desturi yao ya muziki: spika kubwa hupangwa ukumbini au barabarani, mmoja hupiga santuri, na maikrofoni humngoja yeyote mwenye sauti au mwenye maneno.

Vijana wa kundi la Wild Bunch walilelewa na desturi hiyo miaka ya 1980. Watatu kati yao, Robert Del Naja, Grant Marshall na Andrew Vowles, ndio walioanzisha Massive Attack mwaka 1988. Del Naja alikuwa mchoraji wa kuta, na Marshall alizaliwa na wazazi wa Barbados. Del Naja na Marshall waliweza kughani. Wa kuimba hakuwapo. Kampuni nyingi za muziki zingeiona hiyo kasoro. Wao waliendelea na walichokizoea, wakawakaribisha waimbaji. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Albamu yao ya kwanza, Blue Lines, isingekamilika bila Neneh Cherry, mwimbaji aliyekwishapata umaarufu, na mumewe Cameron McVey. Wawili hao waliwasukuma wafanye kazi, wakawasaidia kwa fedha, wakawafungulia nyumba yao ya London. Sehemu ya kazi ilifanyika katika chumba cha mtoto. Vifaa vilikuwa kompyuta, mashine za kunasia sauti na santuri za zamani: wimbo wa Safe from Harm umejengwa juu ya besi ya Stratus, kazi ya mpiga ngoma Billy Cobham.

Juu ya midundo hiyo wageni wakaingia. Horace Andy, Mjamaika aliyerekodi katika studio ya Studio One mjini Kingston, alileta sauti yake nyembamba inayotetemeka. Tricky, kijana wa Bristol, alighani kwa mnong'ono. Na Shara Nelson aliimba nyimbo nne kati ya tisa.

Kwa maoni yangu, Nelson ndiye moyo wa albamu hii. Inasimuliwa kwamba wimbo wa Unfinished Sympathy ulianza pale alipokuwa akiimba kiitikio kama anayejiimbia mwenyewe, na wenzake wakaidaka sauti hiyo na kuijengea mdundo. Kwanza walitumia fidla za kinanda cha umeme. Zilipwaya mbele ya sauti yake. Wakamwita Wil Malone apange muziki wa fidla halisi, ukarekodiwa Abbey Road, London. Bajeti haikuwa na nafasi ya gharama hiyo, wakauza gari lao ili walipe. Usikilize leo: mdundo unakimbia, fidla zinakwenda polepole, na Nelson anasimama katikati bila kuyumba. Hakuna mashine ambayo ingeweza kumpa mtu uchungu ule.

Wimbo ulitoka Februari 1991, wakati wa Vita vya Ghuba. Neno "Attack", yaani shambulio, lilionekana halifai redioni, kwa hiyo kwenye jalada kundi likaitwa Massive tu. Aprili 8 albamu nzima ikatoka, na muziki wa Bristol ukaanza kusikika mbali na kuta za St Pauls.

Andy aliendelea kualikwa, na anasikika katika kila albamu ya studio ya kundi hilo hadi Heligoland ya 2010. Nelson aliondoka. Mwaka 1993 alitoa albamu yake, What Silence Knows, iliyoteuliwa kuwania Tuzo ya Mercury. Hata hivyo, wengi wanaoujua Unfinished Sympathy kwa moyo hawalijui jina la aliyeuimba, na jambo hilo linaniuma. Mwenye jina juu ya jalada hukumbukwa, mgeni huandikwa kwa herufi ndogo ndani. Lakini Nelson hakuwa sauti ya kuazima tu: ametajwa miongoni mwa watunzi watano wa wimbo huo, pamoja na wenyeji wake watatu na mtayarishaji Jonny Dollar.