Nasaba ya Wakazi wa Tumbo la Mchwa

Mwaka 1877, katika mji wa Philadelphia nchini Marekani, mwanachuoni Joseph Leidy alieleza viumbe wa chembe moja aliowaona kwa hadubini katika utumbo wa mchwa, wakisongamana kwa wingi usiokadirika. Na mmojawapo, mwenye umbo la kengele na maelfu ya nyuzi zichezazo mwilini, akampa jina la Trichonympha agilis. Kiumbe huyu hukimeza kipande cha ubao kwa upande wa nyuma wa mwili wake, akakiyeyusha, na mchwa akapata riziki. Kwani katika miaka ya 1920 Lemuel Cleveland alidhihirisha kwamba mchwa wa namna hiyo, akiondolewa wakazi wake, hula ubao usiku na mchana na bado hufa kwa njaa.

Huko Italia, Battista Grassi, yule yule aliyethibitisha kuwa malaria huchukuliwa na mbu aina ya anofelesi, alikwisha kumweleza jamaa mwingine, Joenia. Mwaka 1911, pamoja na Anna Foà, akawaweka wote wenye nyuzi tele katika kundi moja. Hatuna haki ya kuwalaumu, maana wakati huo jicho ndilo lililokuwa shahidi wa pekee.

Shahidi wa pili alikawia, kwa kuwa walio wengi kati ya viumbe hawa hufa wapatapo hewa, wala hawakubali kufugwa chupani. Katika miaka ya 1990 Moriya Ohkuma na wenzake wa Japani walisoma jeni ya ribosomu, ambayo kila kilicho hai kinayo, moja kwa moja kutoka utumboni. Kisha nchini Kanada, katika maabara ya Patrick Keeling, viumbe hao wakanyonywa mmoja mmoja kwa kijibomba chembamba cha kioo, wakapigwa picha kwanza, ndipo jeni zao zikasomwa, hata sura na nasaba zikapata kulinganishwa bila shaka.

Kundi la mwaka 1911 likavunjika. Katika mpango wa matabaka sita uliotolewa mwaka 2010 na Čepička, Hampl na Kulda, Joenia na Trichonympha wametengana, na Joenia amekaa na ndugu wenye nyuzi chache mno, ambao hakuna aliyewadhania kuwa damu yake. Hata jina la Leidy, lililokuwa likitumiwa kwa wakazi wa mchwa wa aina nyingi, limepunguziwa milki: mwaka 2013 jeni zilionyesha kwamba mmoja wao, akaaye katika mchwa mwingine wa huko huko Marekani, ni spishi mbali, naye akapewa jina lake mwenyewe.