Nani Alinunua Magitaa?

Mwaka 1970 kiwanda cha nguo cha Urafiki, jijini Dar es Salaam, kilianzisha bendi. Kiwanda chenyewe kilikuwa bado kipya, kimejengwa kwa msaada wa China, na khanga na vitenge vyake vilihitaji kutangazwa. Vikanunuliwa vyombo, wakaajiriwa wapigaji, Urafiki Jazz ikaingia mitaani. Siku hizi tukiona chapa ya kampuni ya simu imetundikwa nyuma ya mpiga dramu tunasema biashara imeingilia muziki, kana kwamba ilibisha hodi jana.

Pwani hii ya Mrima ina mazoea ya zamani zaidi ya hapo. Katika karne ya 19, Bagamoyo ikiwa lango la misafara ya pembe za ndovu, mtu aliyetaka kuitwa mkubwa ilimpasa agharimie ngoma. Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliyeishi mjini humo, aliandika kwa kirefu habari za ngoma na shughuli za mji katika Desturi za Waswahili, kitabu kilichotolewa na Mjerumani Carl Velten mwaka 1903. Mwanahistoria Jonathon Glassman naye, katika Feasts and Riot cha mwaka 1995, ameeleza jinsi wakubwa wa Pangani na miji jirani walivyoshindana kwa karamu na ngoma hadi mali ikawatoka. Mfadhili alitoa wali, nyama na nguo. Waimbaji wakalitangaza jina lake. Akibana mkono, jina lilitangazwa vilevile, ila kwa kejeli.

Beni, iliyoenea baadaye, iliendeleza mtindo huohuo kwa sare na vyeo vya kizungu. Vyama vya Marini na Arinoti vilikuwa na viongozi wao na michango yao, na matajiri waliopenda kutajwa. Anayedhani kuna zama ambapo mpiga ngoma wa pwani alikuwa huru kabisa, hana wa kumshukuru, atazitafuta sana.

Baada ya uhuru mwenye fedha akawa shirika la umma. Chama cha wafanyakazi, NUTA, kikaanzisha NUTA Jazz mwaka 1964, ambayo kwa kubadilika kwa jina la chama ikawa Juwata, kisha OTTU, na sasa tunaiita Msondo Ngoma. Shirika la usafiri likawa na UDA Jazz, la bima likawa na Bima Lee, umoja wa vijana ukawa na Vijana Jazz, polisi na jeshi wakawa na bendi zao. Wanamuziki walipata mshahara mwisho wa mwezi, kama makarani.

Sharti lake halikuandikwa kwenye bango: vyombo vilikuwa mali ya shirika. Aliyeacha kazi aliacha na gitaa, akatoka na sauti na vidole vyake tu. Ndiyo maana historia ya muziki wa dansi imejaa kuhamahama. Mwaka 1978 mwimbaji Muhidin Gurumo na wenzake kadhaa waliondoka Juwata, wakaenda kuanzisha Mlimani Park chini ya kampuni ya umma ya usafiri na teksi iliyokuwa na baa ya jina hilo. Kampuni ilipokufa, mwaka 1983, shirika la maendeleo la Dar es Salaam, DDC, likaichukua bendi nzima, na Mlimani Park, ambayo wengi huiita Sikinde, ikapata mwajiri mpya na kumbi za kupigia.

Mwajiri huyo alitaka wimbo mmoja au miwili ya kumsifu yeye au chama tawala. Usiku uliobaki ulikuwa wa bendi. Mtu akilipwa kila mwezi ana muda wa kufanya mazoezi, na mazoezi hayo tunayasikia hadi leo katika jinsi magitaa ya bendi hizo yanavyojibizana.

Bagamoyo ilipata sehemu yake ya utaratibu huo mwaka 1981, vikundi vya sanaa vya taifa vilipovunjwa na Chuo cha Sanaa kikaanzishwa. Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, alihamia huko na ilimba na zeze zake. Alikuwa mtumishi wa serikali kabla ya kuwa jina kubwa Ulaya. Santuri zake za Real World, lebo ya Peter Gabriel, zilikuja baada ya miaka mingi ya kulelewa na fedha za umma. Mwaka 1982 chuo kikaanza tamasha lake. Wafadhili wa Skandinavia, Sweden wakiwa mbele, walisaidia kwa miaka mingi. Ukumbi uliungua mwaka 2002, ukajengwa mwingine, na mwaka 2007 chuo kikawa wakala wa serikali, TaSUBa.

Wakati huo mashirika ya umma yalikuwa yamekwisha kubinafsishwa au kufa, na bendi zao zikabaki yatima. Ndipo bia na simu zikaingia. Tuzo za muziki zilizoanza 1999 wengi walikuja kuzijua kwa jina la bia, Kili. Tamasha la Fiesta likawa Serengeti Fiesta, kwa jina la bia nyingine, baadaye Tigo Fiesta, kwa jina la kampuni ya simu. Jina la mdhamini likatangulia la tamasha.

Hapa ndipo ninapoona tofauti. Shirika la zamani lilinunua magitaa, kampuni ya leo inanunua usiku mmoja. Jukwaa la kukodi, taa za kukodi, spika za kukodi. Asubuhi malori yanapakia kila kitu na msanii anabaki na bahasha. Hesabu hiyo inamwumiza mpiga muziki wa moja kwa moja kuliko yeyote. Bendi ya watu kumi na watano inataka posho kumi na tano, basi na sahani kumi na tano za ubwabwa. Kijana mwenye flashi anataka kipaza sauti. Ukiwa ofisa masoko mwenye bajeti iliyokatwa, utamwita nani?

Simlaumu anayepokea. Kaseti zimekufa na karo za watoto hazijafa. Lakini zipo nyimbo ambazo hakuna kampuni itakayozitundikia chapa. Vitali Maembe, mwanamuziki wa Bagamoyo, alizunguka nchi akiimba dhidi ya rushwa. Sidhani kama kuna meneja wa bia aliyewahi kupanga foleni kudhamini ziara ya namna hiyo.

Ng'ambo ya bahari, Sauti za Busara, iliyoanza Unguja mwaka 2004, ilishikilia kwamba kila kitu jukwaani kipigwe mubashara. Ni msimamo wa gharama. Mwaka 2016 fedha hazikutosha na tamasha halikufanyika. Likarudi 2017, likiendelea kutafuta wa kulibeba.

Tamasha la Bagamoyo limevuka miaka arobaini, na nadhani sababu moja ni ya kawaida kabisa: jukwaa ni la chuo, ngoma ni za chuo, na wapigaji wengi ni wanafunzi na walimu wa chuo hichohicho. Mdhamini akija anakuta shughuli ina mahali pa kufanyikia, na akiondoka haondoki na jukwaa.