Fisi wetu anaongea lafudhi ya nani?

Vijana wenzangu, kuna kitu kilitokea hapa Nakivale. Tulikuwa tunarekodi kwa simu hadithi ya Sungura na Fisi, ile kila mtu aliisikia kwa bibi yake. Fisi tukampa lafudhi ya wenzetu wa nchi moja, sitaitaja. Tulicheka sana bana. Kijana wa nchi hiyo ndiye alikuwa anatushikia simu. Akaiweka chini, akaenda zake. Mazoezini hajarudi.

Wiki hiyo nilishuka Mbarara kwa ndugu yangu, nikakuta nyumba nzima inaangalia tamthilia ya Kituruki. Nikajiuliza: Waturuki nao, kwenye hadithi zao, fisi ni nani? Nikaanza kusoma. Kumbe wakati mwingine ni sisi.

Sungura wao anaitwa Keloğlan, kijana maskini mwenye upara anayewashinda wakubwa kwa akili. Mwaka 1971 Rüştü Asyalı alimcheza kwenye filamu. Mwaka 2006 ikatoka nyingine, Keloğlan Kara Prens'e Karşı, yaani Keloğlan dhidi ya Mwanamfalme Mweusi. Kwa Kituruki "kara" ni nyeusi, na pia ni mkosi au ubaya, kwa hiyo sisemi waandishi walikuwa wanatuwaza sisi. Lakini kwenye hadithi zao za zamani kuna jitu jeusi linaloitwa Arap: mdomo mmoja uko ardhini, mwingine unagusa mbingu. Na kwenye mchezo wao wa vivuli, Karagöz, Mwarmenia, Myahudi, Mwalbania na Mwarabu kila mmoja anaingia na lafudhi yake ili watu wacheke. Sawasawa na sisi na simu yetu.

Weusi wa kweli wa Uturuki walifikaje huko? Wengi walipelekwa utumwani kutoka Sudan, Ethiopia, hata huku kwetu Afrika Mashariki. Dola ya Osmani ilipiga marufuku biashara ya watumwa Waafrika mwaka 1857, ila magendo yaliendelea miaka mingi. Walioachwa huru, wengi walikaa maeneo ya Izmir. Mustafa Olpak, fundi wa mawe ya marumaru, alifuatilia ukoo wake kutoka Kenya, ukapita kisiwa cha Krete, ukafika Uturuki. Mwaka 2005 akatoa kitabu, 2006 akaanzisha chama cha Waafrika wa Uturuki mjini Ayvalık. Mwaka uliofuata wakafufua sherehe yao ya ndama, Dana Bayramı, iliyokuwa imekufa tangu miaka ya 1920. Olpak alifariki 2016. Nafikiria mtoto wa ukoo kama wake, anasimuliwa lile jitu jeusi usiku, halafu asubuhi anajitazama kwenye kioo.

Nakivale imepokea watu tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, walipofika Wanyarwanda. Leo tuko Wakongo, Warundi, Wasomali na wengine, na kila kabila lina fisi wake, tusidanganyane. Nanyi wa mashirika mnaotusoma: mkija na kamera, nani mnampa nafasi ya kuongea? Mara nyingi ni yule anayejua Kiingereza. Wengine tunaonekana nyuma, tumeshika madumu ya maji.

Juzi nilienda kwao yule kijana. Mama yake alinikaribisha chai, yeye hakusema mengi. Nikamwomba acheze Sungura, akasema atafikiria. Jumamosi tunarekodi upya. Fisi nitacheza mimi, na lafudhi yangu ya Uvira.