Stendi ya Mbao, Mashine ya Kufulia na Mgongo wa Mama

Najua wengi wenu huja hapa kutafuta mambo ya programu, hifadhidata na seva. Leo nataka tuzungumze juu ya mbao. Ndiyo, mbao! Wiki iliyopita nilimaliza kutengeneza stendi ya mashine ya kufulia nguo hapa kwetu Theta, na kazi hiyo ndogo imenifundisha historia ambayo sikuitarajia. Nimeona si vizuri kuikalia peke yangu.

Kwa msomaji asiyepajua, Theta iko katika eneobunge la Juja, kaunti ya Kiambu, kati ya Ruiru na Thika. Hapa ndipo mama yangu alipotulelea kwa kazi ya kufua nguo za watu. Siku hizi wanaitwa mama fua. Alikuwa akitoka alfajiri kwenda Juja au Ruiru, anaweka karai chini, anainama, na anabaki hivyo mpaka nguo za nyumba nzima ziishe. Ada yangu ya chuo ilitoka kwenye lile karai. Sasa mikono yake bado ina nguvu, lakini mgongo umekataa.

Kwa hiyo nilipopata kandarasi nzuri nilimnunulia mashine ya kufulia, ile ya mlango wa mbele. Tukaiweka sakafuni. Siku ya kwanza nikamwona mama akipiga goti ili kuingiza nguo, kisha akainama tena kuzitoa zikiwa zimelowa. Nikajisikia mjinga. Mashine ilikuwa imechukua kazi ya mikono na kuiacha kazi ya mgongo pale pale ilipokuwa!

Nina binamu aliyeko Marekani. Nilipomweleza, akanitumia picha za nyumbani kwake: mashine mbili, ya kufulia na ya kukaushia, zimekaa sambamba juu ya stendi mbili za mbao alizojitengenezea mwenyewe, kimo kama sentimita 38. Nikachukua vipimo vyake kama vilivyo, nikanunua mbao za bluegum, nikapiga misumari, nikapandisha mashine. Wale wenzangu waandika programu mnajua hadithi hii inaelekea wapi. Nilinakili kazi ya mtu bila kuuliza ilitengenezwa kwa mazingira gani.

Kwa muda wa miezi miwili mambo yalikuwa sawa. Kisha asubuhi moja mama akiwa karibu, mashine ilipofika hatua ya kukamua ilianza kutembea. Stendi iliyumba, mashine ikasogea mpaka ukingoni, mpira wa maji ukachomoka. Niliikumbatia kwa mikono miwili huku nikipiga kelele umeme uzimwe. Mashine ya namna ile ina uzito wa kilo 60 na zaidi. Ingemwangukia mama mguuni, leo ningekuwa naandika mambo mengine kabisa.

Mama hakugomba. (Mimi nimepewa jina la babake, kwa hivyo ananiita baba.) Alisema tu, "Baba, irudishe chini. Nimeinama miaka yote hiyo, nitainama na hii iliyobaki." Maneno hayo yaliniuma kuliko kugombezwa. Niliirudisha chini, lakini nikaapa kwanza nielewe kwa nini ilitembea.

Haya basi, turudi nyuma kidogo. Mashine ya kufulia inayotumia mota ya umeme ilianza kuuzwa Marekani karibu mwaka 1908, ikiitwa Thor, ya kampuni ya Hurley ya Chicago. Mashine za miaka ile zilisukasuka nguo tu. Kukamua kulifanywa kwa kupitisha nguo katikati ya magogo mawili, kama mtu anayekamua miwa. Hazikuwa na sababu ya kutembea.

Tatizo lilikuja na mashine inayofanya yote yenyewe. Mwaka 1937 kampuni ya Bendix ilitoa mashine ya nyumbani yenye mlango wa mbele, ambayo ilifua, ikasuuza na kukamua kwa kuzungusha pipa kwa kasi. Ilikuwa ajabu ya wakati wake, lakini ilikuwa na sharti moja: ifungwe sakafuni kwa bolti. Ujerumani nako, mashine ya Constructa ya mwaka 1951 ilikuwa vivyo hivyo. Mafundi walikuwa wakimwaga zege chini kabla ya mashine kuletwa. Maana yake ni kwamba stendi haikuanza kama pambo. Ilikuwa sehemu ya mashine, na ilikuwa ya zege.

Kwa nini nguvu zote hizo? Tupige hesabu pamoja. Chukua pipa lenye nusu-kipenyo cha sentimita 24, linalozunguka mara 1,000 kwa dakika. Tuseme nguo hazikujipanga vizuri na upande mmoja umezidi kwa gramu 300 tu, chini ya uzito wa taulo moja iliyolowa. Zile gramu 300 zinavuta pipa kuelekea nje kwa nguvu ya karibu nyutoni 790, sawa na uzito wa mtu wa kilo 80. Na mtu huyo hajakaa kimya! Anavuta kushoto, juu, kulia, chini, zaidi ya mara 16 kila sekunde.

Baadaye wahandisi walipata njia ya kuachana na bolti za sakafuni. Pipa lilining'inizwa kwa springi ndani ya kasha, likawekewa shokomzoba kama za gari, na likafungiwa vizito vya zege au chuma ili lisirukeruke ovyo. Ukifungua mashine yako leo utakuta lile zege la zamani limehama kutoka sakafuni na kuingia ndani ya mashine. (Ndiyo maana huwa nzito hivyo!) Kisha ikaja kazi yetu sisi waandika programu. Kabla ya kukamua, mashine huzungusha pipa polepole na kupima jinsi mwendo wa mota unavyoyumba. Ikigundua mzigo umelemea upande mmoja, inasimama, inageuza nguo na kujaribu tena.

Sasa stendi zilirudije? Wamarekani walikuwa wamezoea mashine za mlango wa juu, ambazo mtu hutumia akiwa amesimama wima. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 zile za mlango wa mbele zilirudi kwa nguvu katika soko lao kwa sababu hutumia maji na umeme kidogo. Wateja wakalalamika juu ya kuinama. Mashine ya Whirlpool Duet ilipotoka mwaka 2001, iliuzwa pamoja na stendi ambayo mteja angeweza kuinunua kando, moja ya mashine ya kufulia na nyingine ya kukaushia. Bei yake iliwafanya watu wengi wachukue msumeno na kujitengenezea, na binamu yangu ni mmoja wao.

Huko ndiko ilikotoka picha niliyoinakili. Lakini mashine inahitaji umeme na stendi inahitaji mbao, na vitu hivyo viwili vina historia yake hapa kwetu.

Tuanze na umeme. Mwanzoni mwa karne ya 20, maji ya mto Ruiru tayari yalikuwa yakizalisha umeme wa Nairobi. Katika miaka ya 1920 kituo cha Ndula kikajengwa kwenye mto Thika. Fikiria hilo msomaji: umeme ulitoka kwenye mito yetu wenyewe, ukapita juu ya vichwa vya watu wa huku kwenda mjini, na vizazi vya nyumba za vijijini viliendelea kuwasha koroboi. Serikali ilipoanzisha mradi wa kufikisha umeme majumbani mwaka 2015, bado kulikuwa na nyumba nyingi zilizokuwa karibu na transfoma lakini hazina waya. Ndiyo maana mashine iliyouzwa Chicago mwaka 1908 haikumkuta mama yangu hadi nywele zikawa nyeupe.

Na mbao je? Bluegum si mti wa kwetu. Ni mkalitusi kutoka Australia, ulioletwa Kenya mwaka 1902 ili kulisha magarimoshi. Reli ya kutoka Mombasa ilikuwa imefika Kisumu mwaka 1901, na vichwa vya treni vilikuwa vikila kuni. Ulitakiwa mti unaokua haraka. Mukima tunaoupanda mipakani mwa mashamba nao ulitoka Australia, ukatumiwa kutia kivuli kwenye kahawa na chai. Saipresi ilitoka pande za Meksiko na Amerika ya Kati, ikapandwa kwenye misitu ya serikali ili itoe mbao za ujenzi.

Miti hii mitatu inatofautiana tabia, na hapo ndipo nilipoangukia. Mkalitusi una nguvu sana, hata nguzo nyingi za umeme nchini ni mkalitusi. Lakini ubao wake ukiwa mbichi umejaa maji, na unapokauka unasinyaa, unapinda na kupasuka. Mbao husinyaa kwa upana, si kwa urefu, kwa hiyo kila kiungo hulegea. Mbao zangu zilikuwa zimepasuliwa juzi tu. Stendi niliyoipima Jumamosi ile haikuwa stendi ile ile iliyobeba mashine miezi miwili baadaye.

Mbona sikununua saipresi iliyokauka? Kwa sababu ilikuwa ghali, na hilo nalo lina historia. Mwezi Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma na ya jamii kwa siku 90. Siku hizo ziliongezwa tena na tena, hata zikawa miaka. Mwezi Julai 2023 Rais Ruto akatangaza kuiondoa amri hiyo, na ubishi ukahamia mahakamani. Muda huo wote mafundi walitegemea miti ya mashambani na mbao kutoka nje, Tanzania ikiwemo. Mti wa shambani mara nyingi hukatwa leo, ukapasuliwa kesho na kuuzwa keshokutwa. Haupewi nafasi ya kukauka.

Basi sababu za mashine kutembea zilikuwa tatu. Mbao mbichi zilisinyaa. Misumari ilishika siku za kwanza, kisha ikalegezwa na kule kutikiswa mara 16 kwa sekunde. Na miguu haikuwa na mkingamo, kwa hiyo stendi iliyumba upande kama bembea. Unajua bembea inavyopanda juu ukiisukuma kwa wakati wake? Pipa linapoongeza kasi hupitia mipigo mingi, na mmoja ukilingana na mpigo wa stendi iliyolegea, mtikiso unakua badala ya kufa. Programu ya mashine haikusaidia, maana inapima mzigo ndani ya pipa. Haijui kama chini kuna sakafu au meza inayoyumba.

Nilianza upya. Nilimwendea fundi mmoja wa hapa Theta, nikamweleza mkasa wote. Alicheka, akasema, "Mkubwa, ubao lazima uchumbiwe kabla ya kuolewa." Tulichagua saipresi, tukaipanga chini ya paa kwa miezi minne, vijiti vikitenganisha kila ubao ili upepo upite. Kisha tukafanya hivi:

Miguu minne ya inchi 4 kwa 4, na mashine inakaa juu ya miguu yenyewe ili uzito ushuke moja kwa moja hadi sakafuni. Mbao za pembeni za 4 kwa 2 zimesimamishwa wima, zimechongwa kwa patasi ziingiane na miguu, zikatiwa gundi na kufungwa kwa bolti na nati. Pande mbili zina mkingamo wa mshazari, na nyuma kuna plaiwudi nzima. Juu kuna plaiwudi mbili za milimita 18 zilizogandishwa pamoja, na ukingo wa sentimita 5 umezunguka ili mashine isiweze kutoka hata ikitaka. Chini ya kila mguu wa mashine kuna kipande chembamba cha tairi kuukuu, ile ile ya kutengenezea akala, ili isiteleze. Stendi yenyewe imeshikwa ukutani kwa vyuma viwili vya pembe. Sakafu yetu ina mteremko wa kupeleka maji kwenye shimo, kwa hiyo tulikata kila mguu kwa urefu wake tukifuata pima maji.

Kabla ya kumwita mama niliijaribu kwa wiki mbili. Niliweka glasi ya maji juu ya mashine wakati wa kukamua. Maji yalitetemeka, lakini glasi haikusogea.

Limebaki jambo moja. Binamu yangu ana stendi mbili, na mimi pia nimetengeneza mbili. Mashine ya kukaushia sina, kwa kuwa jua la Theta halileti bili, na siku za baridi ya Julai tunavumilia kidogo. Ile ya pili nimeiweka kando ya ya kwanza, kimo kile kile. Sikumwambia mama ni ya nini.

Alipokuja alifungua mlango wa mashine akiwa amesimama, akaufunga, akaufungua tena. Kisha akatoka nje, akarudi na lile karai lake la zamani, akaliweka juu ya stendi ya pili na kuanza kuvutia nguo ndani yake. Hakuinama hata mara moja. Hakusema neno, na mimi nikajifanya natafuta spana.

Tuonane tena wiki ijayo. Tutarudi kwenye hifadhidata, naahidi.