SAFARI YA PICHA: KUTOKA TAA YA KIOO HADI DISKI YA KUCHOMWA

Katika nyumba nyingi za nchi zetu zimo diski nyembamba zilizoandikwa juu yake kwa kalamu ya wino mzito: «Harusi», «Mahafali», «Arobaini ya Babu». Ukiitia mojawapo ndani ya deki, picha hufuatana moja baada ya moja katika runinga, zikisindikizwa na muziki, na jamaa waliokusanyika huanza kutajana majina. Wengi wetu huidhani kazi hii kuwa uvumbuzi wa juzi. Lakini diski ni chombo kimoja tu katika safu ndefu ya vyombo vilivyoibeba desturi ya kale: kuwaonyesha watu waliokusanyika picha kwa mpango, pamoja na maneno ya kuzieleza. Katika makala haya tunakusudia kuifuata safari ya desturi hiyo, kisha tuone inatudai nini sisi walimu wa lugha.

Chanzo chake

Mwaka 1659 mtaalamu wa Uholanzi, Christiaan Huygens, alichora picha za mifupa ya mtu ijivuayo kichwa, ili zipate kuonyeshwa kwa taa yenye lenzi. Chombo hicho, ambacho huko Ulaya kiliitwa taa ya mazingaombwe, kilikuwa sanduku lenye moto ndani. Nuru ilipita katika kipande cha kioo kilichochorwa kwa mkono, ikakuzwa na lenzi, ikatua ukutani. Kwa muda wa karibu miaka 200 picha zake zilikuwa za mchoraji tu. Mwaka 1850 ndugu wawili wa Philadelphia, William na Frederick Langenheim, walipata hataza ya Marekani kwa njia yao ya kuweka picha ya kamera juu ya kioo. Tangu hapo ukuta uliweza kuonyesha jambo lililotokea kweli, na mtazamaji akawa kama shahidi.

Taa hiyo iliingia Afrika mapema. David Livingstone, akiwa njiani kwenda Luanda, aliionyesha mwezi wa Januari 1854 katika baraza la mtemi Shinte wa Walunda, katika nchi ambayo leo ni kaskazini-magharibi ya Zambia. Picha ya kwanza ilikuwa ya Ibrahimu aliyeinua kisu ili amchinje mwanawe. Livingstone mwenyewe ameandika kwamba alipokisogeza kioo, wanawake waliona kisu kikiwajia wao, wakakimbia huku wakipiga kelele. Tusiwacheke. Walikuwa wamepewa picha kabla ya kuelezwa chombo, na mtu yeyote katika hali hiyo angekimbia.

Picha zilizotoa ushahidi

Nusu karne baadaye taa hiyohiyo ilifanya kazi nzito zaidi. Tarehe 14 Mei 1904, katika misheni ya Baringa nchini Kongo, mtu aitwaye Nsala alimjia mmisionari Alice Seeley Harris akiwa amebeba mkono na mguu wa bintiye mdogo, Boali, aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira ya ABIR. Bibi Harris alimpiga picha baba huyo ameketi barazani, akivitazama viungo vya mtoto wake vilivyowekwa mbele yake.

Picha hiyo na nyingine za namna yake zilitiwa katika vioo. Bibi Harris na mumewe John walizizungusha Uingereza na Marekani, wakizionyesha makanisani na katika kumbi za miji, wakishirikiana na Chama cha Kuleta Mageuzi Kongo kilichoundwa mwaka huohuo wa 1904 chini ya uongozi wa E. D. Morel. Ilitungwa pia hotuba maalumu ya kufuatana na picha 60, ili hata msemaji ambaye hakupata kufika Kongo aweze kuzieleza kwa utaratibu. Picha peke yake hazikuleta mageuzi. Zilisaidiana na taarifa, barua na mijadala ya bungeni. Hata hivyo, hapana shaka kwamba ziliwafanya watu wa mbali washindwe kusema hawakujua. Tarehe 15 Novemba 1908 mfalme Leopold wa Pili aliacha kuimiliki Kongo kama mali yake binafsi, ikawa koloni la Ubelgiji. Dhuluma haikwisha siku hiyo, lakini utawala wa mtu mmoja ulikwisha.

Tulitazame jambo hili kwa makini. Mwaka 2014 picha za Bibi Harris zilionyeshwa tena mjini London, miaka 110 baada ya kupigwa. Ziliweza kusema kwa sababu vioo vilihifadhiwa, na pia kwa sababu mtu aliandika jina la baba, jina la mtoto, mahali na tarehe. Kama maneno hayo yangalipotea, tungalibaki na picha ya mtu asiyejulikana aliyeketi barazani.

Kutoka kioo hadi diski

Kioo ni kizito, tena huvunjika. Mwaka 1936 kampuni ya Kodak ilianza kuuza filamu ya rangi ya Kodachrome kwa kamera ndogo, na slaidi zikawa vipande vya filamu katika fremu nyepesi. Mwaka 1961 ikatoa projekta ya Carousel, yenye sahani ya mviringo iliyochukua slaidi 80 zilizopangwa tayari. Hivyo mpangilio wa picha ulifungwa ndani ya chombo, ila sauti ilibaki kuwa ya mwalimu aliyesimama kando ya ukuta.

Mwaka 1982 Philips na Sony zilianza kuuza diski ndogo ya muziki, yenye upana wa sentimita 12. Diski ya kuandikwa na mtu mwenyewe ilitangazwa na kampuni ya Taiyo Yuden ya Japani mwaka 1988. Mwaka 1992 Kodak ikaleta Photo CD, diski ya picha zipatazo 100 za kutazamwa katika runinga kwa mashine yake maalumu, lakini haikupata soko kubwa majumbani. Kilichoenea ni Video CD, iliyowekewa kanuni zake mwaka 1993, kisha DVD, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1996. Kwa vyombo hivi viwili picha, mpangilio na sauti vilifungwa pamoja. Msemaji hakuhitajika tena kuwapo.

Maana ya kuchoma

Hapa mwalimu wa lugha ana neno la kulitazama. Watu wetu husema «kuchoma diski», na usemi huo haukukosea. Diski za kiwandani hazichomwi, bali hugandamizwa kwa muhuri. Diski tupu ya kuandika ina tabaka la rangi ya kemikali, na mwali wa leza hulipasha moto tabaka hilo na kuacha alama ndogo mno katika mstari mmoja wa mzunguko. Mstari huo huanzia ndani kwenda nje, kinyume cha santuri za zamani. Katika deki, mwali dhaifu zaidi hupita juu ya alama hizo na kusoma tofauti ya nuru inayorudi. Kitenzi chetu kinachukua maana zote mbili, ya moto na ya mwiba, na zote mbili zinafaa.

Lakini si kila diski yenye picha huchezeka. Mtu akinakili picha zake katika diski kama mafaili, amefanya ghala, na deki nyingi za zamani hazitaonyesha kitu. Ili diski ichezeke katika deki yoyote, programu ya kompyuta huzigeuza picha kuwa video, huzipa muda wa kukaa machoni, huziunganisha na muziki, huzipanga kwa kanuni za Video CD au DVD, kisha huchoma. Mwisho diski hufungwa, yaani huandikwa alama ya kwamba kazi imekwisha. Bila kufungwa, mara nyingi itasomeka katika mashine iliyoichoma tu.

Katika kugeuzwa huko kuna hasara ambayo wengi hawaijui. Picha ya kamera yenye nukta 3,000 kwa 2,000 ina nukta milioni sita. DVD ya mfumo wa PAL huonyesha nukta 720 kwa 576, ambazo hazifiki 415,000. Video CD huonyesha 352 kwa 288, yaani 101,376 tu. Basi aliyeifuta picha ya asili akabaki na DVD yake amebaki na chini ya sehemu moja katika kumi na nne ya alichokuwa nacho.

Wajibu wetu

Kila chombo tulichokitaja kilisifiwa kwa kudumu, na karibu kila kimoja kimeachwa. Kodak ilikoma kutengeneza projekta za slaidi mwaka 2004. Kompyuta nyingi mpya hazina tena mahali pa kutilia diski. Ile rangi ya kemikali nayo huharibiwa na jua, joto na unyevu, vitu ambavyo nchi zetu hazina uhaba navyo. Slaidi iliyofifia bado huonekana ukiielekeza dirishani. Diski iliyoharibika haionyeshi hata kivuli.

Kwa hiyo tunawashauri wenzetu mambo matatu. Kwanza, diski za shule na za jamaa zinakiliwe sasa, maadamu deki na mashine za kuzisoma zingalipo, na picha za asili zitunzwe mbali na zile zilizogeuzwa video. Pili, diski yenyewe iwekwe penye kivuli na pakavu, isiandikwe kwa kalamu yenye ncha kali. Tatu, nalo ndilo kubwa, wanafunzi wapewe zoezi la kuandika. Waketi na wazee mbele ya picha, kila picha ipewe namba, na kwa kila namba waandike kwa Kiswahili safi ni nani, ni wapi, ni lini, na palitokea nini. Zoezi hili lina insha ndani yake, lina msamiati wa ukoo na wa sherehe, lina na adabu ya kumsikiliza mzee.

Muziki uliofungwa ndani ya diski huwaliza watu mahali pa maneno, lakini haumtaji mtu jina. Wale wanaotajana majina mbele ya runinga ndio wasemaji wa mwisho wa picha hizo. Wakiondoka kabla hatujaandika, hata nakala iliyo salama kabisa itakuwa picha za wageni.