Mgema na mwonjaji wake: Historia ya waamuzi wa bia wasiolipwa

METHALI isemayo kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji aghalabu hufunzwa shuleni kama onyo dhidi ya majivuno. Mwanafunzi huikariri, akaitungia insha, akapata alama zake, basi. Ni wachache wanaotua na kujiuliza: huyo aliyemsifu mgema alikuwa nani? Alitumia kipimo gani? Na yule wa kwanza kugundua kwamba tembo la leo si lile la jana, alijuaje?

Kumbe ndani ya methali hiyo mna watu wawili. Mgema tunamjua. Ndiye akweaye mnazi alfajiri, akakata ncha ya karara na kutega kibuyu. Wa pili hatajwi kabisa, ilhali bila ulimi wake methali isingekuwapo. Huyo ni mwonjaji. Makala haya yanamhusu yeye: mtu asiye na kiwanda wala baa, asiyelipwa na yeyote, anayeonja pombe kwa makini, akailinganisha na nyingine na kutoa hukumu yake hadharani. Michezoni tungemwita mtu wa ridhaa. Katika muda wa nusu karne hivi, watu wa ridhaa wa aina hii wameigeuza historia ya bia duniani. Silaha yao kubwa haikuwa pesa. Ilikuwa msamiati.

Tuanzie Uingereza. Kufikia miaka ya 1960, makampuni makubwa sita yalikuwa yameshika sehemu kubwa ya soko la bia nchini humo, pamoja na maelfu ya baa. Bia ya jadi ya Waingereza humalizia kuiva ndani ya pipa, hamira ikingali hai, katika chumba cha chini ya baa. Ni bia inayodai uangalizi. Pipa likishafunguliwa, siku chache tu na bia imechacha. Makampuni yaliona huo ni usumbufu. Yakaleta bia iliyochujwa, ikapashwa moto hadi hamira ikafa, kisha ikatiwa gesi. Bia hiyo ilidumu, ilisafirishika kwa urahisi na ilifanana kila mahali. Tatizo ni kwamba wanywaji wengi waliiona chapwa.

Mnamo 1971, vijana wanne wa Kiingereza, yaani Michael Hardman, Graham Lees, Jim Makin na Bill Mellor, walikuwa likizoni Ireland walipoamua kuanzisha chama cha kuitetea bia ile ya jadi. Ndicho kinachojulikana hadi leo kama CAMRA. Hardman na Lees walikuwa wanahabari, na haishangazi kwamba vita vyao vilipiganwa kwa kalamu. Mwaka 1974 chama hicho kilichapisha mwongozo wa baa zinazouza bia nzuri. Katika toleo lile la kwanza, bia za kampuni ya Watney zilikuwa zimefananishwa na tauni. Mchapishaji akaogopa kushtakiwa, na ikabidi maneno hayo yalegezwe kabla ya kitabu kuuzwa. Hebu fikiria, mpenzi msomaji. Kampuni yenye mamilioni ya pauni inaogopewa kwa sababu ya neno moja tu la mnywaji!

Hata hivyo, kulaani ni kazi rahisi. Kazi ngumu ni kusifu kwa namna ambayo mwingine ataelewa. Hapo ndipo alipoingia mwanahabari mwingine Mwingereza, Michael Jackson. (La, si yule mwanamuziki.) Mwaka 1977 alichapisha kitabu The World Guide to Beer. Kabla yake, waandishi wa mvinyo walikuwa na lugha pevu ya kueleza ladha, harufu, udongo na mwaka wa mavuno. Bia haikuwa na bahati hiyo. Ilikuwa baridi au vuguvugu, kali au nyepesi, kwisha. Jackson alizipanga bia za dunia kwa aina zake, kila aina akaihusisha na mji wake, nafaka yake, hamira yake na desturi za watu wake. Aliandika kwa mapenzi makubwa kuhusu bia za Ubelgiji ambazo hata majirani wa nchi hiyo hawakuzijua. Alipofariki mwaka 2007, majina ya aina nyingi alizozieleza yalikuwa ya kawaida vinywani mwa wanywaji wa mabara kadhaa.

Nchini Marekani hali ilikuwa mbaya zaidi. Marufuku ya pombe ya kuanzia 1920 hadi 1933 iliviua viwanda vingi vidogo, na vingi vilivyonusurika vikamezwa na vikubwa. Mwishoni mwa miaka ya 1970, taifa zima lilikuwa na viwanda visivyofika 100. Tena marufuku ilipoondolewa, raia waliruhusiwa kutengeneza mvinyo nyumbani, lakini bia ikaachwa nje ya ruhusa hiyo. Ukipika bia jikoni mwako, umevunja sheria ya taifa. Hali hiyo ilibadilika Oktoba 1978, Rais Jimmy Carter alipotia saini sheria iliyoanza kutumika Februari 1979. Mwaka huohuo wa 1978, mwalimu mmoja wa mji wa Boulder, Charlie Papazian, alishiriki kuasisi chama cha wapika bia wa nyumbani.

Sasa likazuka swali. Watu 100 wakileta chupa zao mashindanoni, nani ataamua mshindi, na kwa kigezo gani? Mwaka 1985 ukaanzishwa mpango wa kuwatahini waamuzi wa ridhaa. Fomu yao hutoa alama 50: harufu 12, sura 3, ladha 20, mguso wa kinywani 5 na hukumu ya jumla 10. Mgawanyo huo wenyewe ni hoja. Macho, ambayo ndiyo hudanganyika upesi kwa rangi na povu, yamepewa alama tatu tu. Pua imepewa mara nne zaidi. Isitoshe, mwamuzi haambiwi jina la mpishi. Anapewa glasi isiyo na nembo, akaonja kidogo, akaandika na kutoa sababu. Mwonjaji wa kweli si mlevi. Glasi ya tatu ikishapanda kichwani, ulimi wake hauna ushahidi tena.

Lakini sababu huandikwa kwa maneno gani? Jibu lilikuwa likitafutwa na wataalamu katika miaka hiyohiyo ya 1970. Mwanasayansi wa Denmark, Morten Meilgaard, aliongoza kazi ya kuunda gurudumu la ladha za bia, lenye zaidi ya istilahi 100 zilizopangwa kwa makundi. Kanuni yake ni sahili. Usiseme bia ni nzuri au mbaya. Taja kitu kinachojulikana ambacho ladha hiyo inafanana nacho. Harufu ya siagi huashiria kwamba huenda hamira haikupewa muda wa kumaliza kazi yake. Harufu ya karatasi iliyolowa huashiria bia iliyozeeka na kuingiliwa na hewa. Bia iliyopigwa na jua hunuka kama kicheche, kwa kuwa mwanga huvunja viambato vya hopsi, yale maua yanayoitia bia uchungu. Ndiyo maana chupa ya kahawia huikinga bia kuliko ya kijani au isiyo na rangi.

Nayo bia ya ngano ya Bavaria, Ujerumani, hunukia ndizi mbivu na karafuu. Hakuna aliyetia ndizi wala karafuu humo. Harufu zote mbili ni kazi ya hamira. Mjerumani aliyejifunza istilahi hizo alizitoa dukani. Mpemba angezitambua akiwa amefumba macho.

Baadaye hukumu za waonjaji zilihamia intaneti, na hapo methali yetu ikapata mitihani miwili. Mtandao wa RateBeer, ulioanza mwaka 2000, uliwawezesha waonjaji wa ridhaa kutoka kila pembe ya dunia kutoa alama. Mwaka 2005 alama hizo ziliipa nafasi ya kwanza bia ya Westvleteren 12, inayopikwa na watawa wa abasia ya Mtakatifu Sixtus nchini Ubelgiji. Foleni za magari zikafika mlangoni mwa monasteri. Mfanyabiashara yeyote angeongeza mapipa, au angelitia tembo maji. Watawa walikataa. Walipika kiasi kilekile cha kuiendesha abasia yao, wakaweka utaratibu wa kuagiza mapema kwa simu na kikomo cha kreti kwa kila mnunuzi. Huyo ndiye mgema aliyesifiwa na tembo lisitiwe maji.

Mtihani wa pili ulikuwa mchungu. Mwaka 2017 ilifichuka kwamba tawi la AB InBev, kampuni kubwa kuliko zote za bia duniani, lilikuwa limenunua hisa katika RateBeer. Baadhi ya wapika bia wadogo wakaja juu, na haki yao. Mwaka 2019 mtandao huo ukawa mali ya kampuni hiyo kikamilifu. Mwanzoni mwa 2025 ukafungwa. Wahenga walituonya kuhusu mgema anayelewa sifa. Hawakutuachia methali ya mgema anayemnunua anayemsifu.

Je, hayo yote yanatuhusu nini sisi wasomi na wapenzi wa Kiswahili? Yanatuhusu sana. Tazama jinsi tunavyozungumzia pombe hapa Kenya. Kwa ulevi tuna utajiri wa kutisha: kupiga maji, kuchapa mtindi, kulewa chakari. Kwa sheria pia hatukosi: haramu, msako, kumwaga, kufunga. Lugha hii ina historia. Enzi za ukoloni, serikali ilimzuia Mwafrika kunywa bia ya chupa kwa miaka mingi, na pombe yake mwenyewe ikatazamwa kama jambo la polisi. Busaa na muratina ziliingia katika maandishi rasmi kupitia mlango wa mahakama, wala si wa jikoni. Hadi leo ni nadra kusikia mtu akieleza kwa nini busaa ya mama fulani inaishinda ya jirani yake. Utasikia tu kwamba ni kali.

Si kwamba maneno hatuna. Tunayo, tena yanayoshinda ya wengine kwa ukali wa maana. Chakula kisicho na ladha ni chapwa au dufu. Kinywaji chenye uchachu unaouma ulimi kina ugwadu. Ndizi mbichi ikikausha na kukwaruza kinywa, hiyo ni ladha ya ukakasi, na ndiyo hasa wapika bia huikuta kimea kikikamuliwa kupita kiasi. Ladha ikifika pale inapotakiwa, imekolea. Bia yenye wekundu wa manjano ina rangi ya kaharabu. Naye mgema wa Pwani hutofautisha tembo tamu la asubuhi na tembo kali la jioni, kabla halijageuka siki. Huo tayari ni mwanzo wa gurudumu, alilolijua babu yake kabla ya Meilgaard kuzaliwa.

Kinachokosekana ni mtu wa kuyakusanya, kuyapanga na kuyatumia bila haya. Viwanda vidogo vya bia vimeanza kuchipuka Nairobi, na lebo za chupa zao zinaeleza ladha kwa Kiingereza. Mnywaji Mkenya anaambiwa bia yake inanukia matunda ambayo hajawahi kuyaona, ilhali angeambiwa ukwaju, pera au maganda ya chungwa angeelewa mara moja. Neno la kigeni asilolielewa humfanya akubali bei na kunyamaza. Neno analolimiliki humpa uwezo wa kubisha.

Na hoja hii haiishii kwenye pombe, ambayo wasomaji wengi hawainywi na wala hawana haja ya kuinywa. Kahawa ya Nyeri na chai ya Kericho huonjwa na kupangiwa daraja kabla ya kuuzwa mnadani, na bei ya mkulima hutegemea hukumu hiyo. Wahenga walinena kwamba asifuye mvua imemnyea. Mkulima imemnyea kweli, shambani. Haifai hukumu ya ladha ya jasho lake iandikwe kwa maneno ambayo yeye hawezi kuyapinga.